Mwendapole na Mji wa Chini

Dada yangu alipotuletea mashine ya gemu ambayo wanawe walikuwa wameichoka, mama alisema hana haja na midoli, na kwamba mtu mzima anayekaa kubonyeza vitufe mbele ya runinga amekosa shughuli. Miezi miwili baadaye alikuwa ananipigia simu dukani saa nne asubuhi kuniuliza nitarudi saa ngapi, maana tumewaacha watu wetu mlimani kwenye mvua. Wateja waliosikia walidhani tuna ndugu waliokwama safarini. Sikuwasahihisha.

Nieleze kwanza habari ya macho, kwa sababu bila macho haya yote yasingetokea. Mimi ni fundi wa miwani. Mwaka wa ishirini na mbili sasa nakata lenzi na kuzipachika kwenye fremu, na watu wameingia dukani kwangu wakipapasa ukuta wakatoka wakisoma mabango ya ng'ambo ya barabara. Mama yangu mzazi sikuweza kumsaidia hata kidogo. Ugonjwa wake uko nyuma ya jicho, kwenye mshipa, mahali ambapo lenzi haifiki hata uikate vipi. Anaona mwanga na rangi, anajua dirisha liko wapi, na ukisimama mbele yake anajua pana mtu. Jambo hili linaniudhi mpaka leo, na nikiudhika huwa napiga kelele na vyombo jikoni.

Nilikuwa nimerudi kuishi naye baada ya mke wangu kuamua kwamba amenichoka. Sikumlaumu sana. Mimi ni mtu wa kununa, napenda vitu vifanywe sawasawa, na kasoro za watu naziona kabla ya sura zao. Mama aliniandalia chumba changu cha zamani na hakuuliza swali hata moja. Kwa muda mrefu tulikuwa watu wawili tunaokula meza moja tukiambiana chumvi imezidi au haijazidi.

Basi ile mashine ikatufaa. Maandishi ya mchezo yalikuwa ya lugha ya kigeni, na hata yangekuwa ya kwetu mama asingeyaona, kwa hiyo tukagawana kazi. Mimi nilishika kidude cha kubonyezea, nikatembeza, nikasoma na kumtafsiria. Yeye aliamua. Mkono wangu, neno lake. Tuliwekeana sharti kwamba mkono hauendi mahali neno halijafika, na yeye alilitilia mkazo sharti hilo kuliko mimi, kwa kuwa alikuwa amefanya kazi maisha yake yote kwa masharti ya namna hiyo.

Alikuwa opereta wa simu katika hospitali kubwa, miaka thelathini na mmoja kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha, mbele ya ubao wa waya na matundu na taa ndogo ndogo. Mtu akipiga, taa inawaka. Unachomeka waya, unauliza anamtaka nani, unachomeka wa pili, unawaacha wazungumze. Aliwajua madaktari wote kwa sauti na hakuwajua kwa sura. Alikuwa akipishana nao kwenye korido bila kuwatambua mpaka mmoja akohoe. Ndiyo maana upofu, alisema mwenyewe, haukuwa mgeni sana kwake. Ulimrudisha kazini.

Alikaa karibu kabisa na runinga, kiti chake cha mikono kimegusa meza yake, mapazia ya manjano yamefungwa ili mwanga wa nje usichanganyike na wa kioo. Jua la alasiri lilipita kwenye kile kitambaa na chumba kizima kikawa na rangi ya chai ya maziwa. Tulikuwa tunacheza Jumamosi nikifunga duka saa saba, na Jumapili baada ya chakula. Rangi za mchezo zilimpita usoni, buluu ikija, kijani ikija, na yeye ametulia, kichwa amekiinamisha upande mmoja anasikiliza.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Kuna mwanamke msafiri anayetoka bondeni kwenda kileleni, kwenye nyumba inayosemekana kwamba kila anayefika hujibiwa swali lake. Njiani anakutana na watu wenye mashaka yao, na kila mmoja anamtaka achague: amwambie mzee ukweli kuhusu mwanawe aliyetoroka vitani, au amwache na matumaini yake, awape kisima watu wa upande huu au wa upande ule. Juu ya kasha waliandika kwa herufi kubwa kwamba kila uamuzi wako utakumbukwa. Mama alinifanya nimsomee maneno hayo mara tatu.

Alikuwa mwamuzi mgumu. Kuna watu huchagua haraka wapate kuona kitakachotokea; yeye aliwahoji wale watu wa katuni kama wamepiga simu saa ya kazi. Asipoweza kuamua alisema, kwa ile sauti yake ya zamani iliyonyooka, "Subirini kwenye laini." Hapo nilisimamisha mchezo, tukanywa maji, tukajadiliana. Mara nyingine laini ilikaa wazi siku nzima. Mara nyingine alisinzia pale pale kitini, na akiamka alizungumza habari za bonde lile kana kwamba ametoka huko. Siku moja aliamka akaniuliza kama ile nyumba nyeupe ya kisima bado ina nyuki. Hatukuwa tumeona nyumba yoyote nyeupe. Juma lililofuata tuliikuta, nyeupe, mlango umeegeshwa, ingawa nyuki sikuwaona. Nilimwambia wapo. Alitabasamu, nami sikuona ubaya wowote.

Katikati ya safari tukampata mwenzetu, msichana mchunga mbuzi mwenye mguu mmoja mfupi, aliyeamua kutufuata bila kueleza sababu. Jina lake kwenye mchezo lilikuwa refu na la ajabu. Mama akambatiza Mwendapole, kwa kuwa kila tukikimbia alibaki nyuma na ilibidi tumngoje. Wachezaji wengi nadhani walimchukia. Hapigani, habebi mzigo, haelezi njia. Anafuata tu, anavuna majani ya porini na kukuonyesha bila kusema kitu. Mimi niliyekosa subira na mke wangu mwenyewe nilijikuta nasimama kila kona, nageuza kamera nyuma kuangalia kama anakuja. Mama alicheka na kusema kwamba ningeanza mapema tabia hiyo ningekuwa bado nina ndoa. Lilikuwa tusi la haki.

Halafu tukafika kwenye bwawa.

Bwawa lilikuwa limejaa na ukuta wake umeanza kupasuka. Chini yake palikuwa na mji, paa mia tatu hivi, ambao hatukuwahi kuingia. Njia ya kuuokoa ilikuwa moja: kufungua lango la chuma ili maji yapite kwenye handaki la kale na kumwagikia upande wa pili wa mlima. Na ndani ya lile handaki, kwa sababu waandishi wa mambo haya hawana huruma, alikuwa Mwendapole, ameingia kumfuata mbuzi, jiwe limeanguka nyuma yake na kumfungia njia. Ukifungua lango mji unapona na yeye anazama. Ukiliacha, unapata muda wa kumtoa, na ukuta unaanguka juu ya mji.

Nikamsomea mama yote. Akasema wasubiri kwenye laini.

Walisubiri siku nane. Nilikwenda kazini, nikarudi, nikamkuta amekaa mbele ya runinga iliyozimwa. Chakula alikula kidogo. Nilimtania kwamba hao ni watu wa umeme, ukichomoa waya hawapo, akanijibu kwamba hata aliowahudumia miaka thelathini na mmoja walikuwa watu wa umeme. Jumapili ya pili akaniambia niwashe.

"Fungua lango," akasema.

Nikamkumbusha kwamba Mwendapole ni wetu, tumetembea naye mwezi mzima, na wale wa mjini hatuwajui hata mmoja.

"Nimesikia. Kuwa wetu si sababu, baba. Fungua."

Aliniita baba kama anavyoniita akitaka nitii, kwa upole usio na mlango wa kutokea. Nami nilikuwa nimeshika kidude, kidole juu ya kitufe. Naeleza kilichotokea kama kilivyotokea: sikufungua. Sikuwaza jambo lolote kubwa. Nilimwona yule msichana ndani ya handaki, amekaa juu ya jiwe, anamshika mbuzi masikio, hajui lolote, na mkono ukaenda wenyewe upande mwingine. Ukuta ukaanguka. Runinga ikanguruma. Nikamwambia mama kwamba lango limefunguka, maji yanapita kwenye handaki, mji umesalimika. Akauliza kama aliteseka. Nikasema hapana, ilikuwa mara moja.

Akashika mkono wa kiti mpaka rangi za kioo zikatulia. Kisha akasema tumefanya linalopasa, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyefurahi.

Kuanzia hapo nilicheza michezo miwili. Kwenye kioo Mwendapole alitufuata, akachuma majani yake. Kwa mdomo nilimwambia mama kwamba tumebaki peke yetu, njia na sisi. Nilipita mbali na kila mahali ambapo mchezo ungeonyesha lile ziwa jipya lililokaa juu ya mji. Dukani nilikosea lenzi mbili kwa juma moja, za kushoto nikazipachika kulia, jambo ambalo halijanitokea tangu nijifunze kazi. Mteja mmoja, mwalimu wa hesabu, alivaa akaniambia dunia imelala ubavu. Nilimwomba radhi nikazirudia, huku nafikiri kwamba mtu aliyemdanganya mama yake asiyeona hastahili kupewa macho ya watu.

Ungeniuliza kwa nini sikusema, ningekuambia nilikuwa nangoja mwisho. Nilijiambia kwamba mchezo wenyewe utaamua. Kila uamuzi utakumbukwa, waliandika. Basi wacha ukumbukwe huko kileleni, uthibitike kwamba nilikosea au nilipatia, nami nitamweleza mama yote kwa pamoja. Huo ndio ulikuwa ujinga wangu.

Tulifika kileleni Jumapili moja ya mawingu, baada ya chakula. Mama alikuwa amevaa gauni lake la kutokea. Nyumba ilikuwa hapo kweli, mlango wazi, ndani hamna mtu. Palikuwa na kibaraza. Msafiri akakaa. Mwendapole akaja, taratibu zake, akakaa kando yake. Bonde lote likaonekana chini, maji yanang'aa mahali palipokuwa na mji. Maneno yakatokea, machache: njia imekwisha. Kisha ikaanza orodha ya majina ya waliotengeneza mchezo, mamia yao, yakipanda polepole juu ya bonde na muziki wa filimbi.

Ndiyo hivyo tu. Miezi minne. Hakuna aliyekuja kudai wala kusamehe, na swali lililopaswa kujibiwa hakuna aliyeligusia. Nilihisi hasira iliyonipanda mpaka masikioni, ile hasira ninayoihisi nikipokea fremu kutoka kiwandani na mguu mmoja ni mfupi. Na pembeni yangu mama ameinamisha kichwa, anangoja nimsomee.

Basi nikamtungia mwisho. Nilimwambia kwamba mlango wa nyumba umefunguliwa na watu wanatoka, wote tuliowasaidia, mzee wa mwanajeshi na wale wa kisima. Nikamwambia kwamba kule chini mji unaonekana wote, moshi unatoka jikoni, watu wamepanda juu ya mapaa wanatupungia vitambaa. Nikamwekea na kaburi la Mwendapole langoni mwa mji, na jina lake, na majani mabichi yanayobadilishwa kila asubuhi na watoto. Nilinogewa. Sikujua kama nina kipaji hicho. Nilipomaliza, majina yalikuwa bado yanapanda.

Rangi ya kijivu ilimpita mama usoni.

"Umepamba vizuri," akasema. "Sasa na mimi nikueleze kitu, maana ukikaa sana nacho kinakuwa kama ndoto ya mtu mwingine."

Akanieleza. Nilikuwa na miaka sita, nimelazwa wodi ya watoto na homa, siku ya nne. Yeye alikuwa zamu kwenye ubao. Ilikuwa Jumapili, saa tisa alasiri, hospitali imelala. Daktari wa zamu alikuwa mmoja, yuko nyumbani kwake, na nyumba yake ilikuwa na laini moja. Taa ya wodi ya wanaume ikawaka. Akapokea, wanamtaka daktari haraka, akapiga kwa daktari. Kabla daktari hajainua simu taa ya pili ikawaka, ya wodi ya watoto. Akapokea, wanamtaka daktari haraka. Sharti la kazi lilikuwa wazi, la kwanza kuwaka ndilo la kwanza kuunganishwa, na ndilo alilowafundisha wasichana wote waliokuja baada yake.

"Hawakunitajia jina la mtoto," akasema. "Walikuwemo kumi na wanane. Lakini wodi ilikuwa yako. Daktari akaitika haloo, nikachomeka waya wa wodi yako."

Daktari alikimbia kwa watoto. Mtoto alikuwa mimi. Na taa ya wodi ya wanaume, mama akasema, ilibaki inawaka mbele yake. Kila alipowajibu aliwaambia wasubiri kwenye laini, daktari anazungumza. Alijaribu nyumba ya daktari mwingine, haikuitika. Akajaribu tena. Ikawaka dakika saba. Kisha ikazimika yenyewe.

"Ikazimika," akarudia. "Labda walimpata mtu. Labda hawakuwa na haja tena. Sikuwapigia kuuliza. Saa kumi na mbili nikamwachia mwenzangu kiti, nikatoka kwa mlango wa nyuma, wa kufulia, kwa sababu mlango wa mbele ndiko ndugu wa wagonjwa wanakosimama. Nikaendelea kupita mlango huo mpaka nastaafu. Miaka kumi na tisa. Watu walidhani napenda harufu ya sabuni."

Nilijitazama nilivyo: kipara, miaka arobaini na kitu, niliyeachwa na mke, ninayenunia wateja na kugombana na runinga. Mtu mmoja pengine alikata roho kitandani, na watu wake wakalia mlangoni, na kwa hasara yote hiyo dunia ikapata hiki. Kama ningekuwa mchezo, wachezaji wangedai warudishiwe fedha zao.

Basi nikasema langu. Nilimwambia kwamba mji haukusalimika. Kwamba sikufungua lango, nilimtoa Mwendapole, na yote aliyoyasikia tangu hapo ni uongo wangu, mapaa na vitambaa na kaburi.

"Najua," mama akasema. "Nilimsikia. Siku ile ile maji yalipotulia nilisikia hatua za watu wawili, na mmoja anachechemea. Nimemsikia kila Jumapili. Wewe unatumia macho, baba, umesahau kwamba mimi nasikia."

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza muda wote huo. Akageuza uso upande wa dirisha.

"Nilifurahi," akasema. "Ilitangulia furaha, hata kabla sijakasirika. Ndivyo ilivyokuwa na siku ile, nilipoambiwa umefungua macho. Nikaona aibu kwamba miaka yote hii sijabadilika hata kidogo."

Halafu akaniomba kitu. Aliniuliza kama kuna namna ya kurudi. Ilikuwepo, mchezo ulikuwa umehifadhi mahali pale kabla ya lango, na kwa sababu nisiyoijua sikuwa nimepafuta. Akasema turudi, na safari hii mkono ufuate neno. Alitaka kuingia ule mji. Alitaka kusikia wanaishije.

Tukarudi. Mwendapole alikuwa amekaa juu ya jiwe na mbuzi wake. Nilibonyeza. Lango likafunguka kwa mlio mrefu wa chuma, maji yakaingia handakini, na sikusema neno, wala mama hakuuliza. Alikuwa amenishika kifundo cha mkono, kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. Tukashuka kwenye njia ya mawe kuelekea mjini, hatua za mtu mmoja.

Mji ulikuwa hai. Nilimsomea kila kitu kama kilivyo, sikuongeza hata punje. Mwoka mikate alisema mkate umeiva. Mama mmoja alilalamika kwamba paa lake linavuja na fundi hajaja tangu juzi. Wazee wawili waligombania ubao wa bao. Watoto walimkimbiza kuku, wakatupita, wakarudi, wakatupita tena. Tulizunguka mitaa yote, tukazungumza na kila aliyekubali kuzungumza. Mwoka mikate alisema mkate umeiva.

"Wanajua?" mama akauliza.

"Wanajua nini, mama?"

"Kwamba kuna mtu kule handakini. Kwamba alikuwepo."

Nilipita tena kwa wote, mmoja mmoja, nikabonyeza mpaka maneno yao yakaanza kujirudia. Hakuna aliyekuwa na habari. Walioandika kwamba kila uamuzi utakumbukwa hawakukumbuka kuwaambia wenye mji. Nikamwambia mama hivyo: hawajui, hata mmoja. Wanaishi tu.

Akatikisa kichwa polepole. Pazia lilikuwa limejaa mwanga wa jua lililotoka mawinguni, na chumba chetu na ule mji vikawa rangi moja, hata sikuona vizuri runinga inaishia wapi.

"Mimi sasa najua," nikamwambia.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo maana sikukwambia."

Kule kwenye kioo kuku alipita na watoto wakapita. Nilielewa basi kwamba alikuwa amekaa na ile taa peke yake miaka thelathini na saba ili mimi niweze kununa kwa sababu ya chumvi, nioe, niachwe, nigombane na viwanda vya fremu, niwe mtu wa kawaida asiye na sababu ya kujieleza. Nilimpenda kwa namna iliyoniuma, na nikamwogopa kidogo pia. Na kulikuwa na neno moja la kusema, neno dogo ambalo mtoto wa miaka mitatu analijua, na sikulisema upesi. Maana kushukuru ni kukubali, na kukubali ni kumwambia tena yule mtu wa wodi ya wanaume asubiri kwenye laini, safari hii kwa mdomo wangu mimi.

Niliweka kidude chini. Nikamshika mikono yote miwili.

"Asante, mama," nikasema.

Akaitika.